Galaksi Zilizozeeka Mapema

Masika yakishapita, katikati ya Juni, panda vilima vya Kola kama saa mbili usiku, uelekeze darubini ndogo karibu na utosi, kaskazini kidogo. Kati ya Denebola, nyota ya mkia wa Simba, na Vindemiatrix ya kundi la Mashuke, kuna kidoa cha ukungu. Ni M87, galaksi duaradufu iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi. Nyota zake hazizunguki katika sahani moja kama za Njia Nyeupe; kila moja inashika njia yake, kama nyuki wanaouzingira mzinga.

Karibu zote ni kongwe, na mwanga wao unaeleza zilivyozaliwa. Magnesi hutawanywa na nyota kubwa, ambazo hulipuka zikiwa na umri wa miaka milioni chache tu. Chuma kingi hutoka kwenye milipuko ya vibete vyeupe, na hicho huchelewa mno. Galaksi duaradufu kubwa zina magnesi nyingi ikilinganishwa na chuma chao: uzazi ulikoma kabla chuma hakijaenea.

Darubini ya James Webb imetuonyesha haraka hiyo. Vipimo vya galaksi ya GS-9209, vilivyochapishwa 2023, vinaionyesha ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.25. Tayari ilikuwa na nyota karibu nyingi kama za kwetu, zimesongamana katika nafasi ndogo mara kumi, na ilikwisha acha kuzaa. Nyota zake nyingi zilizaliwa ndani ya miaka milioni 200 hivi. Viini vya namna hii baadaye vilimeza galaksi nyingine, vikawa majitu. Ndiyo maana nyota za M87 ni kongwe kuliko umbo lake.

Mbona uzazi haukuanza tena? Ushahidi ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Iligundua eksirei zilizotapakaa ndani ya makundi ya galaksi, likiwemo lile la Mashuke, lenye M87 yenyewe. Setilaiti ya Ariel 5, iliyorushwa palepale 1974, iliona alama ya chuma katika kundi la Perseus: kumbe chanzo cha eksirei hizo ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto hivyo haijikusanyi ikawa nyota. Ndani ya M87, shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5 huichochea kwa mikondo yake isipoe. GS-9209 nayo ina shimo jeusi kubwa kuliko ilivyotarajiwa, na hilo ndilo linaloshukiwa kuzima uzazi wake mapema vile.