Kigari cha watoto wawili: Pima mlango kabla ya kufungua pochi

Siku ya kliniki, mama mwenye watoto waliofuatana huonekana kwa mbali. Mchanga wa wiki kumi yuko mgongoni ndani ya mbeleko, anakwenda kuchomwa chanjo. Wa mwaka mmoja na miezi minane, anayejua kutembea vizuri lakini leo ameamua kuwa hatembei, ananing'inia mkononi. Bega jingine lina mkoba wa nepi, maji, kadi mbili na kanga ya akiba. Kutoka kituo cha daladala hadi kwenye mzani ni dakika kumi kwa mtu asiye na mzigo. Kwake ni nusu saa, na kabla hajafika amepishana na mwenzake anayesukuma kigari cha viti viwili, watoto wote wametulia. Jioni hiyo nyumbani mazungumzo ni ya kigari.

Ni kitu cha kutamanika, lakini ni kikubwa, ni kizito, na kikiwa kipya dukani kinaweza kula fedha iliyokuwa ya kodi ya miezi kadhaa. Zipo nyumba ambazo kigari cha viti viwili kilisukumwa mara nne, sasa kinaanikiwa nguo uani.

Swali la kwanza ni umri wa mkubwa. Mtoto aliyepita miaka mitatu anatembea safari nyingi za kawaida, hata kama kwa kulalamika. Akishafika hapo, kiti chake kitabaki kubeba mboga. Huyo anatoshwa na ubao mdogo wenye magurudumu unaofungwa nyuma ya kigari cha mtoto mmoja, akasimama juu yake akichoka. Kigari cha wawili kina kazi kweli kwa pacha na kwa watoto waliopishana chini ya miaka miwili, yaani wote bado ni wa kubebwa.

Hata hao wana njia ya bei nafuu kuliko zote, ambayo bibi zao waliijua: mdogo mgongoni, mkubwa kwenye kigari cha kawaida cha mtoto mmoja. Kigari cha namna hiyo ni chepesi, kinakunjika, kinaingia nyuma ya bajaji, na mara nyingi kuna ndugu au jirani ambaye chake kimekaa tu chini ya kitanda. Kwa familia ambayo safari zake ni kliniki, sokoni na ibadani, hesabu inaweza kuishia hapo. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji au anayeumwa mgongo, mbeleko peke yake si jibu. Ndipo kigari cha viti viwili kinapoanza kuwa na maana.

Vipo vya aina mbili kubwa. Kimoja watoto hukaa bega kwa bega, kingine hukaa mbele na nyuma kama abiria wa pikipiki. Wauzaji husifia vyote kwa maneno yaleyale, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Cha bega kwa bega huwa na upana wa kama sentimita 70 hadi 80. Kinafaa pacha kwa sababu uzito unalingana pande zote, kila mtoto anaona mbele, na hakuna wa kugombania kiti kizuri. Lakini mlango wa nyumba ya kupanga, geti dogo la uani, na kijia kati ya meza za sokoni havikujengwa kwa kukifikiria. Mzazi apime kwa futi ya fundi cherehani nafasi iliyobaki mlango ukiwa wazi, maana fremu na bawaba hula sentimita zao, na apime pia korido anakotaka kukilaza usiku. Sentimita mbili tu zikikosekana, kitalala nje, na kigari kinacholala nje mitaa mingi hakifiki asubuhi.

Cha mbele na nyuma ni chembamba, kinapita panapopita kigari cha mtoto mmoja. Ubaya wake ni urefu. Kupanda ukingo wa barabara au kuvuka mtaro kunataka kuinua sehemu ya mbele kwa kuukandamiza mpini, na mtoto wa kilo 12 akiwa amekaa mbele kabisa, mikono inauliza maswali. Vingine kiti cha nyuma ni kidogo na miguu ya mkubwa inabanwa.

Kipimo kizuri cha dukani ni mchele. Kilo kumi kiti kimoja, kilo tano kiti kingine, mikanda ifungwe, kisha kisukumwe kwa mkono mmoja na kupindishwa kona. Cha bega kwa bega chenye mizigo isiyolingana huvutia upande mmoja. Hapo ataonekana kama anavutia kidogo au anapigana na msukumaji. Muuzaji akikataa jaribio hilo, duka la pili halipo mbali. Na anayejaribu awe yule atakayekisukuma kila siku. Kama ni dada wa kazi, aende yeye, kwa sababu mpini unaomfaa baba mrefu utamuumiza mabega.

Jambo ambalo halina mjadala ni kiti cha mchanga. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hawezi kukaa wima. Akikalishwa, kichwa huangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa, na hutokea kimya kimya bila kilio. Anahitaji kulazwa. Kanuni ya Ulaya ya vigari, EN 1888, inataka kiti cha mtoto wa umri huo kilale hadi angalau nyuzi 150 kati ya mgongo na kalio, yaani karibu kunyooka. Vigari vingi vya bei ya chini vyenye viti viwili havifiki hapo, au hufika kiti kimoja tu. Mto uliosokotwa nyuma ya mgongo haukigeuzi kiti cha wima kuwa kitanda. Kama kigari kilichopo ni cha wima, mchanga abaki mgongoni mpaka akue.

Magurudumu nayo. Yale madogo ya plastiki magumu yanapendeza kwenye vigae vya duka kubwa, lakini mchanga wa Mbagala au kokoto za barabara isiyo na lami yatakwama kabla ya kona ya kwanza. Njia mbovu inataka magurudumu makubwa. Yenye upepo yana raha, na wazazi wengi huyaogopa kwa ajili ya pancha bila sababu: vigari vingi vya magurudumu matatu vinatumia tairi la inchi 12, sawa na baiskeli ya mtoto, na fundi baiskeli wa kijiweni ana tyubu yake.

Usafiri ndio unaoumbua kigari kizuri. Daladala hakipandi kikiwa wazi. Vituo vya mwendokasi Dar es Salaam vimejengwa sakafu ikilingana na mlango wa basi, kwa hiyo saa za mchana kinapita, lakini saa moja asubuhi hata mwenye mkoba mmoja anatafuta pa kuweka mguu. Basi jaribio la pili dukani ni kukikunja, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umekamata kitu cha kilo tano. Mtoto hatawekwa chini stendi ili mama apate mikono miwili.

Familia nyingi zitanunua mtumba, na hakuna aibu. Kigari imara kutoka Uingereza au Japani kilichotumika miaka miwili hushinda kipya chepesi ambacho kipini chake kinacheza. Ila mtumba unakaguliwa kama gari. Breki ifungwe na kigari kisukumwe kwa nguvu kwenye mteremko. Kila mkanda uvutwe. Unaofaa ni wa pointi tano, mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na lazima uwepo kwenye viti vyote viwili. Kufuli ya kuzuia kisijikunje chenyewe itikiswe. Kitambaa kifunuliwe kutazama kutu kwenye viungo, kwa kuwa rangi mpya ya kupuliza huficha mengi.

Na lebo isomwe. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza nchini Marekani kurekebisha vigari vipatavyo milioni moja, vya viti viwili vikiwemo, baada ya taarifa za watoto 12 kukatwa ncha za vidole na bawaba za pembeni wakati kigari kikifunguliwa. Ilitoa vifuniko vya bawaba bure. Mwaka uliofuata Graco ilivirudisha vigari kama milioni mbili vya matoleo ya zamani baada ya vifo vya watoto wachanga wanne. Mtoto asiyefungwa mkanda aliweza kuteleza kati ya trei na kiti, shingo ikanasa. Vigari vya miaka hiyo havikuyeyuka. Jina la toleo na namba iliyo kwenye lebo ya fremu vikiandikwa kwenye simu, dakika tano zinatosha kujua kama kiliwahi kuitwa na kiwandani. Kisicho na lebo kabisa kiachwe hapohapo. Na chochote kitakachonunuliwa, watoto wasimame mbali kikifunguliwa.

Kwenye bei, hesabu ya miezi husaidia kuliko hesabu ya siku ya kununua. Chukulia kigari cha shilingi 300,000 kitakachotumika miezi 18 kisha kikauzwa 150,000: kimegharimu kama 8,300 kwa mwezi. Cha 180,000 kitakachovunjika mwezi wa sita bila mnunuzi kimegharimu 30,000 kwa mwezi. Ndiyo maana vipuri vidogo, skrubu, kifuniko cha mvua na kitabu cha maelekezo, vitunzwe kwenye mfuko mmoja. Mnunuzi wa pili atavilipia.

Kikishafika nyumbani, mizigo iwekwe kwenye kapu la chini. Mfuko wa sokoni ukining'inizwa kwenye mpini, siku mtoto atakaponyanyuliwa kigari kinapinduka nyuma na mwenzake akiwa ndani. Juani, kanga isitandazwe kufunika kiti chote, kwani hewa ya ndani inapanda joto haraka hata kitambaa kikiwa chepesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mkupuo, iwe kwenye kigari au mgongoni. Foleni ya kliniki ikizidi hapo, mkubwa ashushwe akimbie chini ya mwembe, na kiti chake kilichobaki wazi kishikiwe na mtu, maana kigari chepesi upande mmoja nacho hupenda kuinamia upande wa pili.