Muhuri, Skrini, Bamba na Tona: Chapa Zinazomsindikiza Marehemu

Familia ya Milimani, Kisumu, inapofiwa, kazi ya uchapaji huanza mapema. Kamati ya mazishi hukutana jioni uani, chini ya miti, na katika orodha ya matumizi, kati ya jeneza, mahema na basi la kwenda Siaya au Kendu Bay, huandikwa mstari mmoja: kuchapisha. Kesho yake kijana anayejua kompyuta hutumwa mjini na simu yenye picha ya marehemu. Hapo ndipo pesa za michango hupotea bila mtu kuiba. Mstari ule mmoja umebeba kazi kadhaa ambazo hazifai kupita katika mtambo mmoja: programu ya ibada, fulana za wanafamilia, bango la picha, kitabu cha risiti za michango. Hapo sijaitaja barua ya chifu, ambayo nayo imepigwa muhuri.

Wateja huniuliza kama njia fulani ni ya kisasa au ya zamani. Mimi huwauliza mambo mawili: unataka nakala ngapi, na wino utakaa juu ya nini? Kila njia ya uchapaji ina mahali inapodai pesa yake. Nyingine hudai mwanzoni, kabla nakala ya kwanza haijatoka, kisha nakala zinazofuata huwa karibu bure. Nyingine hazidai chochote mwanzoni, lakini hutoza kila nakala bei ileile hadi ya mwisho. Ukishalijua hilo, muuza maneno hawezi tena kukubabaisha kwa jina la mashine.

Muhuri huo wa chifu ndio wenye ukoo mrefu kuliko chapa zote. Sehemu zilizoinuka hupakwa wino, zilizozama hubaki kavu, mkono hubonyeza, chapa inatoka. Wachina walichapa vitabu kwa mbao zilizochongwa kwa kanuni hiyo. Nakala ya Sutra ya Almasi, kitabu cha Kibuddha kilichochapwa hivyo, iliyohifadhiwa London ina tarehe ya mwaka 868. Katika miaka ya 1450, Johannes Gutenberg wa Mainz, Ujerumani, alichapa Biblia kwa herufi zilizosubiwa mojamoja katika kalibu, kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Ukurasa ukishachapwa, herufi zilifunguliwa na kupangwa upya kuwa ukurasa mwingine.

Ufundi huo ulifika ufuoni kwetu zamani. Mmisionari Mwadventista Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mwaka 1913 alipata mtambo mdogo wa kuchapia akausimika pale misheni. Yeye ndiye aliyetunga sarufi na kamusi ya Dholuo, na alisimamia tafsiri ya sehemu za Agano Jipya. Kutokana na mtambo ule kilizaliwa kiwanda cha Africa Herald Publishing House, ambacho kingali Kendu Bay.

Ningependa msomaji aitazame kazi ya mpangaji herufi wa enzi zile kwa karibu. Alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, kila kijumba na herufi yake. Aliziokota mojamoja na kuzipanga zikiwa kinyumenyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, akijaza mapengo kwa vipande vya risasi hadi mstari ukaze. Sanduku lililopangwa kwa hesabu ya Kiingereza huwa na e nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, lakini Kiswahili kinakula a bila huruma. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungeweza kumaliza a zote huku e zikiwa zimejaa pomoni. Mpangaji alichapa kurasa chache, akazivunja, akarudisha herufi sandukuni, ndipo akaendelea. Kitabu kidogo cha nyimbo kilikuwa jasho la watu kwa wiki nyingi, na ninapokiona kimoja cha aina hiyo kwenye kabati la bibi wa mtu, hukishika kwa heshima.

Waliotaka kusema jambo zito waliutamani mtambo wenyewe, si nafasi ya kuchapiwa tu. Katika miaka ya 1940 mwanasiasa Achieng Oneko alikuwa na gazeti la Ramogi, na kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, ilitia fedha katika Ramogi Press jijini Nairobi. Mwandishi asiye na mtambo hutegemea hisani ya mwenye nao, na serikali ya kikoloni ilijua vizuri jinsi ya kumtisha mwenye mtambo.

Wengi hudhani uchapaji wa herufi zilizoinuka umebaki kwenye muhuri tu. Chukua kitabu cha risiti cha kamati, kile chenye karatasi tatu kwa kila risiti, nyeupe, waridi na manjano, ambazo maandishi huhama kutoka moja hadi nyingine bila kaboni. Pitisha kidole nyuma ya namba nyekundu ya juu. Ukihisi kijivimbe, namba hiyo ilipigwa kwa chuma. Kifaa cha kupigia namba hugonga karatasi zote tatu kwa pigo moja, na nguvu ya pigo hilo huhamisha namba hadi karatasi ya chini. Hivyo nakala ya mtoaji, ya mweka hazina na ile inayobaki kitabuni zina namba moja, na hakuna anayeweza kubadilisha moja bila kuacha dalili. Printa ya kompyuta huandika namba kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na zikichanganyika wakati wa kukusanya seti, hesabu ya michango imevurugika. Ndiyo maana mashine za kuchapia za Heidelberg zenye umri wa kuwa babu bado zinatafutiwa vipuri: hupiga namba, hutoboa mstari wa kuchania, hukata bahasha. Mtu akikushauri uchapishe risiti kwa printa ya ofisini ili uokoe pesa, mkatalie.

Tuje kwenye fulana. Hapa kazi ya mkono ingali na nguvu zake zote, na mafundi wa skrini wa mitaa yetu wanastahili sifa kuliko wanazopewa. Fundi huanza na fremu ya mbao iliyovutwa kitambaa cha nyuzi laini, kikakazwa kama ngoma. Kwa fulana, kitambaa chenye nyuzi 43 kwa kila sentimita kinatosha; kwa maandishi madogo hupanda hadi 77. Hupaka dawa inayogandishwa na mwanga, huikausha gizani, kisha huweka juu yake karatasi angavu yenye mchoro mweusi na kuianika kwenye taa kali au juani. Penye mwanga dawa inaganda. Chini ya mchoro mweusi inabaki laini na huoshwa kwa maji. Matundu yaliyofunguka ndiyo mchoro. Fulana huwekwa chini, wino humwagwa pembeni mwa fremu, na kibao chenye ukingo wa mpira huvutwa kwa mkono mmoja thabiti. Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya njia ya namna hii mwaka 1907.

Kila rangi inadai fremu yake, na gharama iko hapo. Fulana 200 zenye jina la marehemu na tarehe mbili kwa rangi moja ni kazi ya skrini moja kwa moja: fremu moja, mchana mmoja, na wino mzito unaokaa miaka. Lakini familia siku hizi inataka uso wa marehemu kwa rangi zote, na inataka fulana 25 tu. Hapo skrini haifai, kwa sababu utalipia fremu nne kwa mzigo mdogo. Njia mpya huchapa picha kwanza kwenye filamu ya plastiki, hunyunyizia unga wa gundi, kisha mashine ya joto huigandisha picha kwenye kitambaa. Ni nzuri kwa idadi ndogo, ingawa picha kubwa hukaa kifuani kama ngozi ya pili isiyopitisha hewa, na jua la Kisumu unalijua. Ipo pia njia ya kuugeuza wino kuwa mvuke unaoingia ndani ya uzi. Hiyo hukubali poliesta ya rangi nyepesi peke yake. Ukimpelekea fundi fulana ya pamba nyeusi kwa njia hiyo, umempelekea kazi isiyowezekana.

Kosa kubwa la fulana za matanga huwa kwenye joto. Wino wa plastiki unaotumika kwenye skrini hukomaa kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi. Kamati ikimsukuma fundi afunge kazi usiku uleule, atapitisha pasi harakaharaka, wino utaonekana umekauka, na jina litabanduka kwenye beseni la kwanza. Mpe fundi siku yake.

Programu ya ibada ndiyo inayoleta ubishi mkubwa, kwa kuwa ina njia mbili zinazokaribiana, ofseti na tona. Ofseti imetokana na ugunduzi wa Alois Senefelder wa Bavaria, mwaka 1796. Aliona kwamba jiwe la chokaa likichorwa kwa mafuta kisha kulowanishwa, wino wa mafuta hushika mchoro na kukimbia maji. Hakuna kilichoinuka wala kuzama. Mafuta na maji vinakataana tu. Leo jiwe limekuwa bamba jembamba la alumini, na tangu Ira Rubel wa Marekani alipounda mashine yake mwanzoni mwa karne ya 20, chapa hupita kwanza kwenye mpira ndipo iguse karatasi. Picha ya rangi inahitaji mabamba manne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kuyatengeneza, kuyafunga, kuyalinganisha na kuharibu karatasi za majaribio ndiyo gharama ya mwanzo. Baada ya hapo mashine hutema maelfu ya karatasi kwa saa.

Njia ya tona haina bamba. Chester Carlson alitoa chapa ya kwanza ya namna hii Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, kwa umeme tuli. Mwanga huondoa umeme mahali pasipotakiwa chapa, unga uitwao tona hunata palipobaki na umeme, joto huuyeyusha kwenye karatasi. Mwaka 1959 Xerox 914 iliipeleka njia hiyo maofisini. Kila nakala inachorwa upya, hivyo nakala ya kwanza na ya mia zina bei moja.

Tufanye hesabu ya kuonyesha njia; bei halisi utaipata dirishani. Tuseme ofseti inadai shilingi 8,000 za matayarisho na 10 kwa kila programu, na tona inadai 40 kwa kila moja. Kwa programu 150, ofseti ni 9,500 na tona ni 6,000. Kwa programu 1,000, ofseti ni 18,000 na tona ni 40,000. Mizani inageuka karibu na nakala 267. Mazishi ya mwalimu mstaafu anayejulikana kata nzima yanaweza kuvuka mpaka huo kwa urahisi, na kamati iliyozoea tona huweza kulipa hata maradufu bila kujua.

Tona ina udhaifu wake. Hukaa juu ya karatasi, hivyo karatasi nzito ikikunjwa bila kutiwa mfuo kwanza, rangi hupasuka na mstari mweupe hutokea mgongoni mwa programu, mara nyingi katikati ya picha ya jalada. Pitisha ukucha kwenye mkunjo wa nakala ya kwanza kabla ya kuruhusu nyingine. Ofseti nayo ina adui wake hapa ziwani, unyevu. Karatasi iliyoachwa wazi hunywa hewa nzito ya Ziwa Victoria, hutanuka, na rangi nne hukosa kukutana. Macho ya marehemu huonekana kama yana kivuli chekundu. Rimu ibaki kwenye karatasi yake hadi saa ya kuchapa.

Kadi za shukrani baada ya maziko hupendeza sana kwenye karatasi ya mkono iliyotengenezwa kwa magugumaji, ile yenye nyuzi zinazoonekana. Usiipeleke kwenye mashine ya tona: unene wake hauko sawa, nyuzi zake huchomoka na kukwama ndani. Skrini ya mkono inaipenda.

Bango ndilo hutia aibu, na sababu huwa ni picha iliyotumwa kwa WhatsApp. Kwa kawaida WhatsApp huipunguza picha hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu. Kwenye jalada la programu lenye upana wa sentimita 14.8, hizo ni karibu pikseli 275 kwa inchi, ambazo zinatosha vizuri. Zinyooshe kwenye bango la mita 2 na zinabaki 20 kwa inchi. Mtu aliye mbali, chini ya hema, hataona kasoro. Lakini waombolezaji hupiga picha wakiwa wamesimama kando ya bango, na hapo uso umekuwa vigae. Omba picha itumwe kama dokumenti, au ipigwe upya kutoka kwenye nakala ya karatasi iliyo ukutani, kwenye mwanga wa dirisha.

Mwisho ni majina. Kwa herufi za risasi, kosa lilirekebishwa kwa koleo ndogo. Kwenye ofseti kosa moja ni bamba jipya, kwenye skrini ni fremu mpya. Kwenye tona kurekebisha ni bure, na kwa sababu ni bure watu husoma kwa uvivu. Programu ya mazishi ya Kiluo ina orodha ndefu ya ndugu, watoto, wakwe na wajukuu, na alama ndogo ya ng' katika Achieng' au Ong'ayo hutoweka kwa urahisi faili ikihama kutoka simu moja hadi nyingine. Kijana wa kompyuta asisome peke yake. Nakala ya majaribio ya karatasi, si ya simu, ipelekwe Milimani, na shangazi mkubwa wa familia aisome kwa sauti mbele ya wengine kabla fundi hajaruhusiwa kuwasha mashine.