Je, Wajua? Ajali ya baiskeli iliwapa wakimbiaji tabibu wao

Gerard Hartmann wa Limerick, Ireland, hakuanza na mikono ya kukanda misuli ya watu. Alianza na miguu yake mwenyewe. Alikuwa bingwa wa Ireland mara kadhaa katika triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati. Mwaka 1991 alianguka na baiskeli huko Florida, Marekani, akavunjika nyonga. Mashindano yakaishia hapo.

Akabaki na tiba ya viungo, na wanariadha wakamfuata. Kelly Holmes, ambaye majeraha yalimwandama miaka mingi, alipita mikononi mwake kabla ya kutwaa dhahabu ya mita 800 na ya mita 1,500 kule Athens mwaka 2004. Paula Radcliffe pia alitibiwa na Hartmann kwa miaka. Machi 2003, akiwa mazoezini Marekani, Radcliffe aligongana na mwendesha baiskeli. (Baiskeli tena!) Wiki chache baadaye, mjini London, alikimbia marathoni kwa saa 2:15:25, rekodi iliyodumu hadi 2019, alipoivunja Mkenya Brigid Kosgei jijini Chicago kwa saa 2:14:04.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Goti linalouma mara nyingi halina kosa; nyonga iliyolegea huliachia mzigo usio wake. Ndiyo maana tabibu mzuri wa wakimbiaji humtazama mtu akikimbia kwanza, ndipo amlaze kitandani.