Hatua 10,000 si dawa, ni jina la bidhaa

Tangu jarida la The Lancet Public Health lilipochapisha mwaka 2025 uchambuzi wa tafiti 57 kuhusu hatua tunazotembea kwa siku, wasomaji wengi wameniuliza swali lile lile: simu inaonyesha hatua 6,000 tu, je, wanajichosha bure?

Hapana. Namba 10,000 haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipoanza kuuza kipima-hatua chenye namba hiyo katika jina lake. Biashara ikageuka agizo la daktari. Uchambuzi wa 2025 ulionyesha kuwa waliotembea hatua 7,000 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 47 kuliko waliotembea 2,000. Ni kweli kwamba mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu anaumwa, kwa hiyo si nafuu yote hiyo imeletwa na miguu. Hata hivyo, faida kubwa kuliko zote huonekana kwa yule anayetoka 2,000 kwenda 4,000, na huyo ndiye anayekatishwa tamaa na simu yake kila jioni.

Simu yenyewe inahesabuje? Ndani yake kuna kihisi kidogo kuliko punje ya mchele. Humo kipande cha silikoni kimeshikiliwa na springi nyembamba mno, katikati ya vibao vyenye chaji ya umeme. Unapokanyaga, simu inasogea lakini kipande kinachelewa kidogo; nafasi kati yake na vibao inabadilika, na umeme unabadilika nayo. Mabadiliko hayo husomwa mara nyingi kwa kila sekunde na kuchorwa kama wimbi. Mtu anayetembea kwa kasi ya kawaida hutoa vilele karibu viwili kwa sekunde, na programu inawinda vilele vinavyojirudia kwa mwendo huo. Haioni miguu, moyo wala mafuta mwilini. Inaona mtikisiko tu. Ndiyo maana mzee anayeburuta miguu huhesabiwa pungufu, na mama aliyeshika ndoo kichwani kwa mkono wenye saa ya kuhesabu hatua anaweza kuibiwa hatua zake nyingi. Mkanda wa kutetemesha tumbo, unaonadiwa mitandaoni kuwa "unayeyusha mafuta ukiwa umekaa", unatikisa pia, na hauchomi chochote cha maana.

Wauzaji wengine wanadanganya hata zaidi ya hapo. Wanauza saa na pete "zinazopima sukari bila kuchoma kidole". Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa haijaidhinisha hata kimoja kati ya vifaa hivyo. Mgonjwa wa kisukari akipima dozi ya insulini kwa namba ya uongo, anaweza kuzimia na kufa. Anayemuuzia mgonjwa kitu hicho anacheza na roho ya mtu.

Turudi kwenye hatua: je, programu na vifaa vya kuzihesabu vinasaidia kweli? Vinasaidia, kwa kiasi. Mapitio ya mwaka 2022 katika The Lancet Digital Health yalikuta vifaa vya kuvaa vinaongeza kama hatua 1,800 kwa siku. Lakini huko Pittsburgh, Marekani, katika jaribio la miaka miwili lililotolewa 2016, vijana wanene waliopewa kifaa walipungua kilo 3.5, na wenzao wasio nacho kilo 5.9. Huko Singapore, wafanyakazi waliolipwa fedha ili watembee walitembea zaidi. Fedha zilipokoma, mwendo ukarudi chini. Kifaa peke yake hakimsukumi mtu mbali. Kinachofanya kazi ni lengo linalofikika, na mtu anayeuliza umefikia wapi: muuguzi, mwenzi, kundi la mtaani.

Basi usinunue saa kwanza. Tazama simu yako kwa wiki moja, jua wastani wako, ongeza hatua 1,000, ukizoea ongeza tena. Ukipanda daladala, teremka kituo kimoja kabla ya chako. Lengo la 10,000 linaweza kubadilishwa kwenye mipangilio ya programu nyingi, libadilishe leo. Unayetumia insulini, beba kitu kitamu unapotembea, sukari isije ikashuka. Kifua kikibana njiani, simama na uende hospitali, hata kama simu inakuhimiza umalizie.