Kabla ya Kulipia Godoro la "Hewa Ukaa"

Baadhi ya bidhaa za sponji, yakiwemo magodoro, hunadiwa kwamba zimetengenezwa kwa hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, gesi ile ile itokayo katika moshi wa viwanda na magari. Mlaji ana haki ya kuelewa maana ya maneno hayo kabla ya kuongeza hata shilingi moja.

Hewa ukaa ni mfano wa majivu: ni kaboni iliyokwisha kuungua. Majivu hayawaki tena, na gesi hii nayo haiungani kwa urahisi na kitu kingine. Ndiyo maana wanakemia hutumia kichocheo, ambacho kazi yake ni ya dalali: huzikutanisha pande mbili, hurahisisha mapatano, kisha hujitoa bila kuwa sehemu ya mali. Lakini dalali hatoi fedha mfukoni mwake, na kichocheo hakitoi nishati. Hiyo lazima itoke kwingine.

Katika mji wa Dormagen, Ujerumani, kampuni ya Covestro ilifungua mwaka 2016 kiwanda kinachotengeneza polioli, malighafi ya sponji. Humo hewa ukaa hushika nafasi ya malighafi ya petroli kwa kiasi kisichozidi asilimia 20. Zingatia: ni asilimia 20 ya polioli, si ya godoro. Polioli huchanganywa na kemikali nyingine ndipo sponji iumuke, hivyo kiasi kilichomo ndani ya godoro ni kidogo zaidi. Na nishati je? Huletwa na kemikali ya petroli inayoungana na gesi hiyo. Ni hatua njema, ila anayeandika "godoro la hewa ukaa" bila kutaja kiasi anatia chumvi.

Methanoli hudai nishati zaidi. Huko Svartsengi, Iceland, ilianza kutengenezwa mwaka 2012 kwa gesi ya kituo cha umeme wa jotoardhi na haidrojeni inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Tani moja ya methanoli hutumia takriban tani 1.4 za hewa ukaa, lakini haidrojeni yake huhitaji zaidi ya uniti 9,000 za umeme. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, moshi wake huzidi mara kadhaa gesi iliyookolewa. (Na methanoli ya namna yoyote ni sumu: hupofusha na kuua.)

Kwa hiyo mwulize muuzaji: ni asilimia ngapi, na ni ya nini? Nishati ilitoka wapi? Uimara wa godoro usiupime kwa hewa ukaa. Angalia uzito wa sponji kwa meta ya ujazo, na muda wa dhamana. Akikosa majibu, usikubali bei ya ziada. Ukiwa umekwisha kununua na unaona lebo imekupotosha, hifadhi lebo na risiti, kisha tuletee malalamiko kwa maandishi.