Kurekebisha Kanuni za Chama cha Nasaba

Kanuni za chama cha nasaba hueleza nani anastahili uanachama, viongozi wanapatikanaje, ada inakusanywa vipi, na kazi iliyokusanywa ni mali ya nani. Katika chama cha watu wa kujitolea, suala hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi ndilo lililoandikwa kwa maneno machache zaidi. Mtu anayenakili kwa miaka majina yaliyochongwa kwenye mawe ya makaburi halipwi chochote. Akijitoa au akifariki, daftari zake huenda kule zinakoelekezwa na kanuni. Kanuni zikinyamaza, daftari hizo hugombewa au hupotea.

Mradi wa USGenWeb wa Marekani unaonyesha jambo hili vizuri. Ulianzia jimbo la Kentucky mwaka 1996, ukaenea nchi nzima. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nia ya mradi ni kila kaunti iwe na mratibu wa kujitolea anayeweka kwenye intaneti kumbukumbu za sensa, wosia, ndoa na makaburi, zisomwe bila malipo. Wengi wa waratibu hao hawajawahi kuonana. Hawana mwajiri mmoja wala ofisi moja; kinachowaunganisha ni kanuni walizokubaliana.

Kurasa nyingi za kujitolea za aina hiyo zilihifadhiwa kwenye seva za huduma ya mtandaoni ya RootsWeb. Mwaka 2000 huduma hiyo ilinunuliwa na kampuni iliyokuwa ikimiliki Ancestry.com, na Desemba 2017 ilifungwa kwa muda baada ya kugunduliwa faili iliyoachwa wazi ikiwa na nywila za watumiaji wapatao 300,000. Kurasa zilizokuwa humo hazikufunguka kwa miezi. Tukio kama hilo huzaa maswali ambayo kanuni za zamani hazikuyawaza: nakala ya akiba iko kwa nani, nywila anazo nani zaidi ya mratibu, na je, mratibu anayeondoka anaweza kuondoka na kila kitu?

Sheria ya Marekani hujibu sehemu tu ya maswali hayo. Katika kesi ya Feist ya mwaka 1991, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba taarifa tupu hazina hakimiliki, hata kama aliyezikusanya alitoka jasho. Kwa hiyo jina na tarehe ya kifo kwenye jiwe la kaburi si mali ya aliyezinakili. Picha aliyopiga na maelezo aliyotunga ni yake. Kanuni nzuri humtaka mchangiaji atie saini ruhusa ya maandishi siku anapokabidhi kazi, ili chama kiendelee kuitumia hata baada yake.

Kuhusu utaratibu wenyewe, vyama vingi vya Marekani hufuata Robert's Rules of Order, kitabu cha taratibu za mikutano kilichoandikwa na mhandisi wa jeshi Henry Martyn Robert na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1876. Kitabu hicho hutofautisha kurekebisha kifungu na kuandika kanuni upya. Kifungu kikirekebishwa, mjadala hufungwa ndani ya taarifa iliyotolewa: wanachama wakiarifiwa kwamba ada inapendekezwa kupanda kutoka dola 20 hadi 30, mkutano unaweza kukubaliana 25, lakini hauwezi kufika 40. Kanuni zikiandikwa upya, rasimu nzima huwa wazi kwa mjadala. Kamati huiwasilisha, mkutano huipitia ibara kwa ibara, kisha kura moja hupigwa mwishoni. Rasimu ikikataliwa, kanuni za zamani hubaki kama zilivyo.

Katika kifungu kinachotaja kura zinazohitajika kupitisha badiliko, neno moja laweza kukwamisha chama kwa miaka. Tuchukue chama chenye wanachama 90, ambapo 40 ndio waliopiga kura. Kanuni zikidai theluthi mbili ya kura zilizopigwa, kura 27 zinatosha. Zikidai theluthi mbili ya wanachama wote, zinahitajika 60, na badiliko hilo halipiti hata wote 40 wakilikubali. Kamati ya marekebisho ianze kusoma kifungu hiki kabla ya kugusa kingine chochote.

Kifungu kingine cha kutazamwa ni cha mikutano. Ugonjwa wa Korona ulipofunga kumbi mwaka 2020, vyama vingi viligundua kwamba kanuni zao haziruhusu mkutano wala kura kwa njia ya mtandao, na kwa kitabu cha Robert ruhusa hiyo lazima iwe imeandikwa. Taarifa za watu walio hai nazo zinahitaji ulinzi wa wazi, kwa sababu ukoo uliochorwa mpaka kizazi cha leo hutaja watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Tena, badiliko huanza kutumika mara tu linapopitishwa, isipokuwa mkutano umeamua vinginevyo. Muda wa viongozi waliopo usipopangiwa utaratibu wa mpito, chama huweza kulala na mwenyekiti na kuamka bila yeye.

Nchini Kenya, ambako vyama vya koo husajiliwa kama jumuiya nyingine, kura ya wanachama peke yake haitoshi. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hutaka msajili atoe kibali cha maandishi kabla katiba ya chama haijabadilishwa, kwa maombi yaliyotiwa saini na viongozi watatu.