Laptop inakataa chatboti kwa sababu ya memori? Piga hesabu hii kabla ya kuchoma bando

Mtu wa Bonga, pale Babati mjini, anaanza kushusha modeli ya akili mnemba saa nne usiku ili mtandao usimsumbue. Ni GB 4.9. Asubuhi bando limekata, faili limekamilika, anafungua programu ili aulize swali la kwanza. Anachopata ni mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba modeli inahitaji memori zaidi ya iliyopo.

Basi, mchezo umeishia hapo. Na kinachouma ni kwamba hesabu ya dakika mbili ingemwonyesha jibu hilo kabla hajabonyeza kushusha.

Kwanza tuelewane kuhusu chatboti tunayoizungumzia. ChatGPT na wenzake hufanya kazi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, simu yako inatuma swali na kupokea jibu tu. Programu kama Ollama na LM Studio ni kitu kingine: modeli nzima inakaa kwenye laptop yako na inajibu hata intaneti ikiwa imezimwa. Nyingi ya programu hizi zimesimama juu ya llama.cpp, kazi aliyoianza Georgi Gerganov wa Bulgaria Machi 2023, wiki chache tu baada ya Meta kutoa modeli ya kwanza ya LLaMA. Kwa mwalimu au mwanafunzi ambaye bando kwake ni la kuhesabu, wazo la kushusha mara moja na kutumia bure linavutia kweli.

Tatizo linaanza pale watu wanapochanganya diski na RAM. "Nina GB 500, inajaaje?" Hizo GB 500 ni stoo. RAM ni turubai unaloanika mbaazi. Stoo inaweza kubeba gunia mia, lakini kama turubai ni dogo huwezi kuanika zote kwa mpigo. Na modeli ya chatboti haianikwi nusu nusu: ili itoe neno moja tu, inapitia karibu namba zake zote. Neno linalofuata, inapitia tena.

Namba hizo huitwa vigezo, na ndizo zinazoandikwa kwenye jina la modeli. 8B maana yake vigezo bilioni 8. Katika hali yake ya kawaida kila kigezo kinachukua baiti 2, kwa hiyo 8B inataka GB 16. Laptop nyingi za mtumba zina GB 4 au GB 8. Ndiyo maana modeli hubanwa: kila namba inaandikwa kwa ufupi zaidi, mpaka inakula nusu baiti hivi, na 8B inashuka hadi karibu GB 5. Ukiona jina la faili lina Q4, ndiyo hiyo iliyobanwa hivyo. Q8 ni kama mara mbili yake, na F16 haijabanwa kabisa. Watu wengi wanaokwama wameshusha Q8 au F16 wakidhani namba kubwa ni bora. Ni bora kidogo kwa majibu, lakini haina faida kama haifunguki.

Sasa angalia turubai lako lina nafasi kiasi gani. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Usisome RAM yote, soma iliyobaki, yaani Available. Laptop ya GB 8 yenye Windows na Chrome iliyofunguliwa kurasa kumi mara nyingi inabaki na GB 3 au 4. Pia kama haina kadi ya picha ya peke yake, sehemu ya RAM hiyo hiyo inatumika kwa picha za skrini.

Hesabu yenyewe ni hii: ukubwa wa faili la modeli, jumlisha GB 1 ya mazungumzo, isizidi memori iliyobaki. Llama 3.1 ya 8B ni GB 4.9 kwenye Ollama, kwa hiyo mwenye GB 4 zilizobaki asihangaike. Llama 3.2 ya 3B ni GB 2.0, inaingia. Mwenye laptop ya GB 4 anabaki na Llama 3.2 ya 1B, ambayo ni GB 1.3, na hata hiyo afunge kila kitu kingine kwanza.

Ile GB 1 ya mazungumzo ndiyo watu huisahau. Chatboti huhifadhi kwenye RAM kila ulichoandika na kila ilichojibu. Kwa Llama 3.1 ya 8B, kila kipande kidogo cha neno, wenyewe wanakiita tokeni, kinachukua takriban KB 128. Tokeni 8,192 ni GB 1 kamili. Modeli hiyo inaruhusu hadi tokeni 128,000, na ukiiwekea kiwango hicho chote, mazungumzo peke yake yanadai GB 16 juu ya modeli yenyewe. 

Kiswahili nacho kina gharama yake hapa. Modeli nyingi zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza, na neno kama "wanatufundisha" hukatwa vipande kadhaa wakati neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. Mazungumzo yale yale, kwa Kiswahili, yanajaza nafasi ya mazungumzo haraka zaidi. Hilo si kosa la laptop.

Dawa yake ni kupunguza urefu wa mazungumzo kwenye mipangilio. LM Studio ina sehemu ya Context Length wakati wa kufungua modeli. Kwenye Ollama, ukiwa ndani ya mazungumzo, andika /set parameter num_ctx 2048. Chatboti itasahau ya mwanzo mapema, lakini itaishi. Na kila mada mpya, anza mazungumzo mapya.

Kuna kosa lingine dogo linalosumbua wengi: Ollama ikishamaliza kujibu haiachii memori hapo hapo, kwa kawaida inaishikilia dakika 5. Ukijaribu modeli ya pili ndani ya muda huo, ya kwanza inaweza kuwa bado iko kwenye turubai. Andika ollama ps uone ipo ipi, kisha ollama stop na jina lake. Kufuta modeli kunakupa nafasi kwenye diski, hakukuongezei RAM hata kidogo.

Wengine hawaoni ujumbe wowote. Laptop inakubali, halafu neno moja linatoka kila baada ya sekunde kadhaa na taa ya diski haizimiki. Hapo RAM imejaa na kompyuta inaazima diski. Ukiwa na diski ya zamani ile ya kuzunguka, usisubiri, funga. Kwenye Linux mambo ni makavu zaidi, mfumo unaiua programu na kuandika neno Killed.

Lakini kushuka kwenda modeli ndogo kuna bei, na bei hiyo wanailipa zaidi wanaoandika Kiswahili. Modeli ya 1B inaweza kujibu Kiingereza cha kueleweka, ukiigeuzia Kiswahili inabuni maneno na kuchanganya ngeli. Mwanafunzi anayeitegemea kwa somo la Biolojia atapata sentensi nzuri zenye uongo ndani. Bora modeli ndogo iliyofundishwa Kiswahili kuliko kubwa isiyokijua. Sartify, kampuni ya Kitanzania, ilitoa Pawa-Gemma-Swahili-2B juu ya Gemma 2 ya Google, na ukubwa wa 2B ukibanwa unatosha kwenye laptop ya GB 8 bila vita. Jacaranda Health ya Kenya ilitoa UlizaLlama mwaka 2023 juu ya Llama 2 ya 7B. Hiyo ikibanwa inakaribia GB 4, kwa hiyo mwenye GB 8 afunge Chrome kwanza na apunguze mazungumzo.

Na kuongeza RAM je? Kwa laptop nyingi za mtumba ndiyo njia ya maana kuliko zote, ila usinunue kwa kubahatisha. Pale pale kwenye Memory, angalia Slots used. Ikisema 1 of 2, una nafasi tupu. Kisha hakikisha aina: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata mkato wake ni tofauti. Laptop nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hizo hazina nafasi ya kuongeza kitu. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16, kwa hiyo anza kubadilisha Windows.

Aliyeko Bonga na hana uhakika bado, ashushe kwanza ile ya GB 1.3. Ikikata katikati, ollama pull ile ile inaendelea pale ilipoishia, haianzi upya.